Vikaratasi Pembeni mwa Kompyuta

Mwalimu alipoingia katika ofisi ya watu, hakuanza kwa salamu. Alisimama kwanza mlangoni, mwavuli mkononi hata kama jua linawaka, akanyoosha shingo kutazama kingo za kompyuta. Alikuwa akitafuta vikaratasi. Vile vidogo vya manjano, au vipande vya boksi la majani ya chai vilivyobandikwa kwa plasta ya kidonda. Akishaviona vyote ndipo aliposema, "Muga," salamu ya Kimeru, akavuta kiti bila kukaribishwa.

Yeyote aliyefanya kazi ya ofisini anavijua vikaratasi hivyo. "Ikikataa tarehe, weka moja Januari." "Asiye na barua pepe, andika ya ofisi." "USIBONYEZE HAPA CHINI." Karani hujiandikia ili asije akasahau ujanja alioupata kwa taabu, na karani mwingine akija anaukuta, anashukuru, anaongeza chake. Mwishowe skrini inafanana na ukuta wa choo cha stendi.

"Kila kikaratasi," Mwalimu alituambia, "ni mahali ambapo aliyetengeneza programu alilala, karani akalazimika kuamka."

Nilimjua kwanza chuoni, Meru mjini, akitufundisha hifadhidata, yaani lile ghala la habari ndani ya kompyuta ambamo watu na mali zao hukaa kwa mpangilio. Wanafunzi wengi tulilipenda ghala lenyewe. Yeye alipenda mlango wake: ile skrini ambayo karani anaitazama asubuhi hadi jioni akiingiza majina. Alisema ghala linaweza kuwa la dhahabu, lakini mlango ukiwa mbovu watu watamwaga mizigo nje. Baada ya masomo alinichukua kuwa msaidizi wake, nami nikafuatana naye miaka mingi, kutoka Embu hadi Mikinduri, nikibeba kompyuta naye akibeba mwavuli.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, wa sweta moja la kijani lililovutika mifuko. Sauti yake ilitosha mkutano wa hadhara. Na hasira! Sijapata kuona mtu mwenye subira ndani ya programu zake na asiyekuwa nayo hata chembe nje yake. Darasani alikuwa akikusimamia begani: "Umekosea. Umekosea tena. Sasa umekosea kwa bidii." Lakini katika programu zake neno "kosa" halikuwamo kabisa. Karani akiandika tarehe ambayo haiwezekani, kisanduku hakikugeuka chekundu wala kompyuta haikulia kama mbuzi. Chini yake yalitokea maneno madogo: "Samahani, sijaielewa tarehe hii. Unaweza kuandika hivi," kisha mfano.

Siku moja nilimuuliza kwa nini kompyuta ituombe radhi sisi, naye hajawahi kutuomba.

"Kompyuta itakaa na karani siku nzima hata mimi nikiwa nimelala kwangu," akasema. "Lazima iwe na tabia nzuri kunishinda."

Kanuni yake kubwa ilikuwa hii: usimuulize mtu neno ambalo hutalitumia. Ukimletea skrini uliyotengeneza, aligusa kila kisanduku kwa ncha ya mwavuli. "Hiki cha nini? Nani atakisoma? Akishakisoma atafanya nini?" Ukisitasita, kimeondoka. Nimewahi kumpelekea skrini yenye visanduku vingi niliyojivunia kama mke mpya na seti yake ya vikombe, nikarudi nyumbani na vinne. Nililia kidogo njiani, sitaficha. Lakini karani wa kituo cha maziwa kule Kanyakine alipoanza kuitumia, foleni iliyokuwa ikifika barabarani ikaishia mlangoni, na wakulima wakapata muda wa kurudi kunywa chai.

Haya, huyo ndiye mtu wa kutouliza yasiyo na kazi. Mtoe sasa kwenye kompyuta, umketishe na mgeni. Umeolewa? Mbona hujaolewa? Mama yako anaendeleaje na ule mguu? Hiyo nguo umenunua wapi, na walikupunguzia? Makarani wa Meru yote walikuwa wamemweleza mambo ambayo hawakumweleza mchungaji. Nilipomwambia kwamba anavunja kanuni yake mwenyewe, alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Kaari," akasema, na neno hilo lina maana ya msichana, ingawa nilikuwa tayari na watoto wawili, "hayo yote nitayatumia."

Na kweli aliyatumia. Kule Kibirichia, kwa kuuliza mambo yasiyomhusu, aligundua kwamba vidole vya karani hufa ganzi asubuhi kwa sababu ya upepo unaoshuka kutoka mlimani, akapanua visanduku na vitufe vyote ili hata kidole kisicho na hisia kisikose pa kugonga. Mikinduri aligundua kwamba nesi anayeandikisha watoto hufanya hivyo akiwa amembeba mmoja wao, akapanga programu yote iendeshwe kwa mkono mmoja. Hayo huyapati kwa kukaa Meru mjini ukinywa soda.

Kila programu, kabla haijaenda popote, ilijaribiwa na muuza nyama. Bucha lake lilikuwa karibu na ofisi yetu, upande wa msikitini, na alikuwa mtu mpole aliyezaliwa mjini, asiyetaka habari ya kompyuta hata kidogo. Ndiyo maana Mwalimu alimtaka. Alimwita kwa dirisha, mzee akaweka kisu, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaja kuketi kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Hatukuruhusiwa kumwambia lolote. Mwalimu alikaa nyuma yake akiziba mdomo kwa kiganja, maana asingejiziba angesema.

"Mwalimu," mzee aliwahi kusema katikati ya jaribio, "hii inaniuliza kama polisi. Jina, nimesema. Sasa inauliza tena jina ya ukoo. Nimeiba nini?"

Programu ile ilirudi mezani siku hiyohiyo. Mwalimu alinunua nyama kilo nzima kwa furaha. Wengine hufurahi programu ikifaulu. Yeye alifurahi muuza nyama akikwama, kwa kuwa alikwama hapa kwetu, si kule mbele ya foleni.

Lakini ukitaka kumjua Mwalimu vizuri, sharti nikueleze habari ya stoo ya mbegu.

Wakulima wa waru, yaani viazi, wa Kibirichia walikuwa na stoo yao ya ushirika. Baada ya kuvuna, kila mtu analeta kreti zake za viazi vya mbegu, vinaandikwa, vinakaa mahali penye ubaridi na mwanga kidogo mpaka vichipue, na mvua ikikaribia anakuja kuchukua vyake. Mbegu ya mtu ni jasho lake. Aliyechagua viazi visivyo na ugonjwa, kimoja kimoja, hataki kurudishiwa vya jirani aliyezoa vyote pamoja na udongo.

Na msimu mmoja ndivyo ilivyotokea. Watu walipewa mbegu za watu. Kina mama walirushiana maneno uani, ndugu wawili wakaacha kusalimiana, na kamati ikaamua kwamba mwenye makosa ni karani. Karani alikuwa msichana aitwaye Kagwiria, mpole, aliyemaliza shule akiwa na alama nzuri, na mshahara wake ndio uliowalea yeye na mama yake. Walikuwa wamwachishe kazi. Yeye mwenyewe ndiye aliyempigia Mwalimu simu, kwa sababu aliwahi kumsikia akifundisha makarani Meru. Hakuomba atetewe. Aliomba tu mtu aje atazame.

Tulikwenda. Mwalimu alisimama mlangoni, akanyoosha shingo. Ile kompyuta haikuonekana. Vikaratasi vilikuwa vimeizunguka kama manyoya ya kuku.

Akakaa na Kagwiria akamwomba amwonyeshe jinsi anavyoandikisha mtu. Programu ilikuwa imenunuliwa mbali, na aliyeitengeneza bila shaka alidhani kila mkulima ana barua pepe na sanduku la posta. Usipovijaza visanduku hivyo, haikuachi upite. Kagwiria alijaza uongo ili apite, kama makarani wote waliomtangulia. Ila msiba wenyewe ulikuwa kwenye majina. Ukitaka kumpata mkulima uliandika majina yake mawili, na programu ikakupa orodha ya majina mawili mawili, basi. Sasa, kwetu mtoto hupewa jina la babu. Babu mmoja akiwa na wana sita, kila mmoja ana mtoto mwenye jina la mzee, na kanisa nalo halina majina mengi ya kugawa. Mteremko mmoja unaweza kuwa na Joseph Kinoti katika kila boma. Programu ilimletea Kagwiria safu ya akina Joseph Kinoti waliofanana kama viazi, huku foleni ikimpigia kelele, naye akachagua mmoja.

Mwenyekiti wa kamati aliingia tukiwa hapo. Alikuwa mzee mrefu mwenye kofia nzuri, aitwaye Mwiti, mkulima hodari kuliko wote, na asiyependa kupotezewa wakati.

"Kompyuta haikosei," akasema. "Hiyo ni mashine. Ni huyu msichana anakosea. Kila siku ni sistimu, sistimu. Mchagua jembe si mkulima."

Mwalimu aligeuka polepole. Nilijua kinachokuja, nikashika kiti.

"Mzee, jembe lako la nyumbani lina mpini?"

"Liko nayo."

"Uutoe. Ulime hivyo mpaka Krismasi, kisha uje unisomee methali."

Kagwiria akainama chini ya meza akijifanya anaokota kitu. Mwenyekiti alivuta pumzi kwa pua. Mwisho wake wakapatana hivi, mbele ya kamati nzima: Mwalimu atengeneze programu, Kagwiria aandikishe msimu mmoja. Siku ya kugawa, mtu mmoja tu akipewa mbegu isiyo yake, Kagwiria anakwenda nyumbani, na Mwalimu asikanyage tena Kibirichia. Tukiwa tunarudi nilimwambia kwamba ameweka rehani kazi ya mtoto wa watu. Alishika mwavuli wake kwa mikono miwili mpaka tukafika Meru, nami nikajua kwamba anaogopa.

Hakuandika hata mstari mmoja wa programu kwa siku nyingi. Alikuwa akirudi Kibirichia, anakaa kwenye foleni ya watu waliokuja kwa shughuli nyingine za ushirika, anasikiliza. Alikuwa akitafuta jinsi watu wanavyotambuana kompyuta isipokuwapo. Akasikia. Hakuna aliyesema "Joseph Kinoti" akaishia hapo. Walisema, "Kinoti wa kwa nani?" na jibu likawa, "Wa kwa Mama Gakii, pale juu ya josho." Hapo kila mtu anaitikia, amejulikana, mambo yanaendelea.

Basi kisanduku cha kwanza cha programu yake kikawa hicho: "Wa kwa nani?" Cha pili kilikuwa jina, na cha tatu kreti. Ukianza kuandika jina la boma, mwenyewe anatokea pamoja na mahali anapokaa na mbegu aliyoleta msimu uliopita, kwa herufi kubwa. Skrini ya pili, ya bei rahisi, ikageuziwa mkulima. Na kabla ya kwenda kwa mtu mwingine, karani alitakiwa asome kwa sauti alichoandika.

Muuza nyama alipoijaribu hakukwama popote. Alipomaliza alikaa tu. "Imeisha?" akauliza. "Hamuniulizi kitu kingine?" Mwalimu hakununua nyama siku hiyo.

Kamati nayo haikufurahi. "Hii ndiyo tumengojea?" mwenyekiti akasema. "Masanduku tatu? Hata mtoto anaweza."

"Hata mtoto anaweza," Mwalimu akarudia, akiwa ameipokea kama zawadi.

Siku ya kupokea mbegu ilikuwa na ukungu na manyunyu. Punda walijaa uani, na pikapu zikasimama mpaka kwenye lami. Kagwiria alivaa glavu zilizokatwa ncha za vidole. Alianza kwa sauti ndogo: "Kinoti wa kwa Mama Gakii, juu ya josho, mbegu ya shangi." Mkulima akaitazama skrini, akasema, "Ii, ndiyo mimi." Wa pili. Wa tatu. Kisha nikaona jambo ambalo Mwalimu hakutuambia kwamba analitegemea: foleni ilikuwa inasikiliza. Mtu akisomwa vibaya, watu wenyewe walipaza sauti nyuma: "Hapana, huyo si wa juu ya josho, huyo ni wa karibu na kanisa!" Kagwiria anasahihisha, mkulima anacheka, wanaendelea. Uangalizi wa kijiji kizima ulikuwa umeingia ndani ya programu, bila mtu kulipwa.

Katikati ya asubuhi umeme ukapotea. Skrini zikawa nyeusi. Walikuwa wamezoea hali hiyo: zamani ilikuwa na maana ya kuanza upya tangu mtu wa kwanza, na wa kwanza ameshaondoka na punda wake. Mwenyekiti akakunja mikono akamtazama Mwalimu. Kagwiria alikuwa ameziba uso kwa glavu zake.

"Toa mikono usoni," Mwalimu akamwambia. "Tunangoja tu."

Umeme uliporudi, kompyuta ikajiwasha taratibu, na Kagwiria akasoma maneno yaliyotokea kwanza, safari hii kwa sauti iliyofika barabarani: "Karibu tena. Ulikuwa unamwandikisha Karimi wa kwa M'Ikiara. Kreti zake nimezishika. Tuendelee?"

"Tuendelee!" uwanja wote ukajibu, na Karimi mwenyewe akapiga kigelegele, mwanamke mzima mwenye matope mpaka magotini. Programu ilikuwa ikihifadhi kila herufi inapoandikwa, bila kumngoja mtu abonyeze chochote. Nilijua, maana nilisaidia kuiandika. Hata hivyo nilisikia nywele zikinisimama.

Ila dau lilikuwa siku ya kugawa, na ndiyo iliyotunyima raha mpaka mvua ikakaribia. Siku hiyo Mwalimu alikuja mapema, akakaa kwenye kreti tupu pembeni, hakuuliza mtu yeyote swali lolote. Kreti zilitoka moja baada ya nyingine. Kila mtu alifungua, akachambua, akanusa, akageuza viazi vyake kama anayemtambua ndama aliyepotea, akasema, "Ni yangu." Jua likageuka, na kila mtu bado anasema ni yangu. Wale ndugu wawili wasiosalimiana walisaidiana kupakia.

Wa mwisho alikuwa mwenyekiti. Alikuwa amengoja makusudi, nadhani, apate kosa kabla yake. Akasimama mbele ya meza na kofia yake.

"Mwiti," akasema.

"Mwiti wa kwa nani?" Kagwiria akauliza, kwa heshima zote.

Watu wakacheka. Nani asiyemjua mwenyekiti? Lakini akina Mwiti walikuwa wengi mle ndani ya programu, na msichana hakuondoa macho yake. Yule mzee akatazama chini. Kisha akavua kofia.

"Wa kwa Ciombaine," akasema. Lilikuwa jina la mama yake, aliyekufa zamani, ambalo wengi pale hawakuwahi kulisikia kinywani mwake. "Pale chini, mtoni."

"Mwiti wa kwa Ciombaine, chini mtoni," Kagwiria akasoma. Akatamka polepole. "Ni wewe, mzee?"

"Ndiyo mimi."

Kreti zake zikaletwa. Akachagua kiazi kimoja, akakikwangua kwa ukucha, akakigeuza.

"Ni zangu," akasema. Kisha akamgeukia Mwalimu pale kwenye kreti yake. "Mwarimu. Mpini umeingia."

Vigelegele vilivyofuata vilisikika, naamini, mpaka msituni. Kagwiria alilia waziwazi akiwa na glavu zake. Mimi nililia. Mwalimu alifungua mwavuli, ingawa hakukuwa na mvua, akajificha nyuma yake.

Siku hizi amestaafu. Magoti yamemchosha, na sweta la kijani limehamia kwa mjukuu. Majuzi alinipigia simu akasema anataka mbegu ya waru kwa kishamba chake, nimpeleke Kibirichia, kana kwamba Meru mjini hakuna mbegu. Nilielewa. Hakuwa amefika pale miaka mingi, na kila programu inayoachwa peke yake miaka mingi huota vikaratasi.

Tulipofika alisimama mlangoni, mwavuli mkononi, akanyoosha shingo kama zamani. Kagwiria, ambaye sasa ndiye msimamizi wa stoo, mama mwenye miwani, alikuwa anamhudumia mkulima na hakutuona. Kompyuta ilikuwa mpya. Skrini ilikuwa na visanduku vilevile vitatu. Na pale pembeni, upande wa kulia, kilikuwapo kikaratasi kimoja cha manjano.

Niliuona uso wa Mwalimu ukishuka. Nilitamani kukifunika kwa mwili wangu. Akatembea polepole mpaka mezani, magoti yakimgomea, akatoa miwani mfukoni, akainama. Kagwiria akainua macho, akashtuka, akaanza kusimama, lakini Mwalimu alikwisha kusoma kwa sauti, kama programu yake inavyotaka:

"Ijumaa. Viatu vya Mwende." Akamgeukia Kagwiria. "Mwende ni kitufe gani?"

"Ni mtoto wangu, Mwalimu," Kagwiria akasema, huku akicheka na macho yakimlengalenga. "Viatu zake za shule zimeisha. Mimi husahau."

Mwalimu alisoma tena kimoyomoyo. Kisha akaanza kucheka, taratibu kwanza, halafu mwili mzima, mpaka akashika meza, mpaka mkulima aliyekuwa akihudumiwa akacheka naye bila kujua sababu. Kona moja ya kikaratasi ilikuwa imebanduka. Akaibonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu, ikashika vizuri.

"Hiki," akasema, "kiache hapo hapo."